Majina Yasiyo na Kwao

Nyuma ya soko la bangili, katika mji wa Hyderabad ya Sindh, nchini Pakistan, anakaa mwanamke aitwaye Sabhai. Ukimkuta kibarazani kwake asubuhi, miwani imemteremka puani na sindano ameibana midomoni, utadhani hana alijualo duniani zaidi ya viraka na uzi. Lakini katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha Karachi kuna kitabu ambacho, kama si yeye, kingeleta maafa kwenye nyumba za watu. Jina lake humo halimo. Alikataa mwenyewe, na sababu yake mtaiona.

Sabhai alizaliwa kijijini, upande wa Umerkot, pale mashamba yanapokoma na mchanga unapoanza. Baba yake alikuwa mchimba visima. Alisoma mpaka darasa la tano, kisha mwalimu akahamishwa na mwingine hakuja, darasa likageuzwa ghala la majani ya ng'ombe. Kusoma hakukumtoka. Kila alfajiri baada ya swala anasoma kurasa zake za Kurani, na gazeti la Kisindhi analisoma pia, polepole, kidole kikitangulia na macho yakifuata. Alipotimiza miaka kumi na saba akaolewa mjini na Piyaro, fundi wa kusuka mota za feni, mtu mpole mwenye mikono myeusi kwa grisi na maneno machache.

Aliingia mjini na ralli tisa.

Ralli ni ule mfarishi wa viraka tunaoshona kwa nguo kuukuu, na kwetu bibi arusi hatoki bila hizo. Mama na mashangazi wanashona tangu binti angali anatambaa. Siku ya arusi zinafunuliwa moja moja mbele ya wanawake wote waalikwa, wanazipapasa, wanazigeuza, wanatazama upande wa nyuma kama uzi umekwenda sawa. Kila nyumba ina nakshi yake, iliyotoka kwa bibi ikaja kwa mama. Sabhai alitoka kwao na Nyayo za Ngamia, zile zinazokwenda kushoto, zenye ukingo mweusi. Mwanamke aliyewahi kuiona nakshi hiyo mara moja hasahau mpaka anaingia kaburini. Wanaume ni habari nyingine. Mwanamume ukimwuliza amelalia nini jana, atakuambia blanketi.

Ndiyo maana kwa wanaume Sabhai ni mke wa Piyaro, au mama Imdad. Kwa wanawake ni Nyayo za Ngamia. "Nyayo za Ngamia kajifungua." "Nyayo za Ngamia kapata homa, twendeni tukamwone." Hivyo ndivyo tunavyoitana.

Alipokuwa na miaka arobaini hivi alikuwa akiuza ralli kwa tajiri mmoja wa sokoni, yeye na wanawake wengine. Wakafungua kundi kwenye simu ili waulizane bei na rangi. Wengi hawajui kuandika, wakawa wanatuma sauti. Simu ya kwanza ilikuwa ya Piyaro. Sabhai alipomwomba aitumie, Piyaro alimwambia, "Simu ni yangu, masikio ni yako. Sitasikiliza ya kwenu." Na hakusikiliza kweli, Mungu amlipe heri.

Siku moja Sabhai alipeleka mzigo peke yake. Yule tajiri, wakati anahesabu ralli, akapeleka mkono mahali ambapo mkono wake haukuwa na haki ya kufika, huku anaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna lililotokea. Sabhai alirudi nyumbani akaoga mara tatu. Alikaa na jambo lile siku nne. Siku ya tano, baada ya swala ya adhuhuri, akachukua simu na kusema kwenye kundi, kwa sauti ya kawaida kama anauliza bei ya pamba: "Dada zangu, kuna jambo limenipata dukani kwa tajiri. Nalisema kwa sababu likikaa ndani litanila."

Kabla ya magharibi wanawake kumi na mmoja walikuwa wamejibu. Kumi na mmoja, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Mmoja wao, mzee wa miaka sitini, alisema, "Mimi nilifikiri uzee utanikinga. Kumbe yule hachagui." Wakacheka huku wanalia, kila mtu kwake, na simu zao mikononi.

Tangu siku ile hakuna aliyemwuzia tena. Wakatafuta mnunuzi mwingine, na mzigo ukawa unapelekwa na wawili wawili. Tajiri aliuliza kulikoni, hakupata wa kumjibu.

Kundi likakua. Kutoka kumi na wawili wakafika mia moja na arobaini, kutoka mjini mpaka vijiji vya mbali. Lakini simu nyingi ni za nyumba nzima: leo anayo mume, kesho kaka, keshokutwa shemeji. Sabhai akatunga utaratibu. Anayetaka kusema huuliza kwanza, "Uzi wa buluu upo?" Mwenzake akijibu upo, maana yake yuko peke yake. Akijibu umekwisha, kuna mtu karibu, basi huzungumza habari za pamba mpaka atoke. Na kila kitu hufutwa kabla ya adhana ya magharibi. Majina ya baba na ya mume hayatajwi kabisa. Wakaitana kwa nakshi zao, kama walivyozoea. Kaka wa mtu akifungua simu akasikia "Visima Saba anaumwa tumbo", anairudisha na kusema wanawake hawana kazi.

Huyo Visima Saba alikuwa Waziran, mjane wa miaka ishirini na nne. Mumewe alikufa kwa homa ya ini, akarudi kwa kaka zake karibu na Khipro. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kaka zake walimruhusu kwa sharti moja: siku watakaposikia jina lake linatajwa na watu, atakuwa amekwisha. Hawakueleza amekwisha vipi. Kwetu huko hilo halihitaji kuelezwa.

Msimamizi wa kiwanda akaanza kumsumbua. Kwanza maneno, kisha simu, kisha siku moja akafunga mlango wa ghala. Waziran alipiga kelele, mlango ukafunguliwa, lakini kuanzia hapo usingizi ukamkimbia. Akauliza kundi kama uzi wa buluu upo, na ukawapo. Wanawake mia moja walimshika mkono bila kumwona uso. Wakamfundisha kuweka tarehe, na kwa kuwa hajui kuandika, aliziweka kwa mafundo kwenye uzi. Wawili wakawa wanamsindikiza. Sabhai mwenyewe alimpeleka kwenye ofisi ya malalamiko ya wanawake, akamwambia mama yake Piyaro wanakwenda kununua pamba. Shauri likasikilizwa faraghani, mafundo yakahesabiwa mbele ya hakimu, msimamizi akafukuzwa kazi. Kaka zake Waziran hawakujua kitu. Wanajua mpaka leo kwamba bwana yule alihamishwa.

Basi ndipo akaja Daktari Mehnaz.

Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Alitoka Karachi, msichana wa miaka thelathini na kitu, viatu vya raba na mkoba mkubwa, anachunguza jinsi wanawake wanaosumbuliwa wanavyosaidiana kwenye simu. Alikaa na Sabhai kibarazani miezi mitano. Alikula mizizi ya mayungiyungi iliyopikwa na mama mkwe wa Sabhai, Amma Hurmat, ajuza asiyeona vizuri lakini ulimi wake unaona mbali. Siku ya kwanza tu Amma alimwuliza, "Umesoma miaka mingapi, binti?"

"Ishirini na mbili, Amma."

"Na hujui kumenya kitunguu. Kaa hapa nikufundishe."

Mehnaz alikaa akafundishwa. Kwa hiyo walimpenda.

Wanawake waliokubali walisikilizwa, wasiokubali waliachwa. Mehnaz hakuchukua sauti ya mtu, aliandika tu. Mwisho akamwita adi, yaani dada, akauliza, "Adi Sabhai, kwenye kitabu siwezi kuandika majina ya kweli. Niyatumie haya mnayoitana kwenye simu? Ni mazuri, na hayamtaji mtu."

Sabhai alifikiria. Aliwafikiria waume, kaka, mashemeji, wote waliowahi kushika simu zile wasing'amue kitu. "Yatumie," alisema. "Hata mume wangu hajui langu."

Akaona amejibu vizuri.

Mwaka ukapita. Siku moja Mehnaz akaleta kitabu chenyewe, kimeshapigwa chapa kwa Kisindhi, jalada la kijani. Alikuwa na furaha iliyomfanya asimame badala ya kukaa. Nakala mia tatu zimetoka, alisema. Jumatano ya pili kutakuwa na mkutano hapahapa Hyderabad, na mtangazaji wa redio atasoma hadithi tatu hewani, mkoa mzima usikie. Hadithi ya kwanza itakuwa ya Visima Saba.

"Alhamdulillahi," Sabhai alisema, na alimaanisha. Mehnaz alipoondoka alikaa chini, akafungua kitabu, akaanza kukisoma kwa sauti, kidole kikitangulia. Amma Hurmat alikuwa kitandani kwake kwenye kivuli, anachambua dengu kwa kupapasa.

"Unasoma kama mbuzi anayevuka mfereji," Amma alisema. "Mguu mmoja mbele, miwili nyuma."

"Basi usisikilize, Amma."

"Nisisikilizeje, na masikio hayana mlango. Soma."

Sabhai akasoma. Akafika mahali palipoandikwa: Visima Saba, mjane, anafanya kazi kiwandani, msimamizi alimfungia ghalani. Mkono wa Amma ukasimama kwenye dengu.

"Visima Saba?" alisema. "Si wale wa kwa mhunzi, karibu na Khipro? Nakshi ile sasa ameibeba mmoja tu. Yule aliyefiwa na mume. Waziran." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maskini mtoto. Kaka zake wanajua?"

Kitabu kikamteleza Sabhai magotini. Kwa sababu aliona kosa lote kwa mara moja, kama mtu anayegeuza ralli akakuta upande wa nyuma umefumuka kutoka ukingo hadi ukingo. Nakshi zilifaa kuwaficha na wanaume. Lakini redio haisikilizwi na wanaume peke yao. Katika kila nyumba ya mkoa ule kuna mama mkwe, kuna shangazi, kuna bibi anayechambua dengu, na kila mmoja wao anajua Visima Saba ni ya nani kuliko polisi anavyojua namba za magari. Jumatano, saa nne asubuhi, Waziran angetajwa hewani kwa jina linalomtambulisha zaidi kuliko lile alilopewa na baba yake.

Na aliyesema yatumie ni yeye, Sabhai.

"Amma," alisema, "uliyoyasikia..."

"Mimi nimesikia nini? Mimi mzee, nachambua dengu." Kisha akaongeza, "Umekaa hapo kungoja nini?"

Piyaro aliporudi kula chakula cha mchana alimkuta mkewe anakunja mtandio wa safari. "Baba Imdad," alimwambia, "nataka kwenda Karachi kesho alfajiri. Nimefanya kosa, likiachwa litamuua mtu. Siwezi kukuambia ni nani."

Piyaro alinawa mikono, akaikausha. "Niende nawe au niende kazini?"

"Nisindikize mpaka mlangoni. Ndani nitaingia mwenyewe."

Walipanda basi pamoja. Njiani Sabhai alisoma dua zote anazozijua, zilipokwisha akaanza upya.

Ofisi ya Mehnaz pale chuoni ilikuwa ghorofa ya tatu. Mehnaz alikuwapo, na mkuu wake, Bwana Iftikhar, mtu wa mvi na adabu, aliyemvutia Sabhai kiti kwa mkono wake mwenyewe. Sabhai alieleza. Mehnaz alianza kupauka kabla hajamaliza. Bwana Iftikhar alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mama, hofu yako naielewa. Lakini kitabu kimepita kamati ya maadili mara mbili. Wataalamu watano wamekisoma. Majina yote yaliondolewa."

"Yaliondolewa ya baba, Saeen," Sabhai alisema, kwa neno letu la kumheshimu bwana. "Ya mama yakabaki."

"Ni majina ya nakshi tu. Kuna nakshi mamia. Nani atakayejua?"

Huwezi kumweleza mtu wa Karachi jambo hili, kama ambavyo huwezi kumweleza samaki maana ya kiu. Kumtaja Waziran Sabhai hawezi, wala Amma. Wakati huo mlango ukafunguka, akaingia mwanamke wa kuleta chai, mwembamba, bangili nyeupe zimejaa mkononi mpaka juu ya kiwiko. Kwa bangili zile tu Sabhai alijua ni mtu wa jangwani.

"Dada," Sabhai alimwita, "kwenu wapi?"

"Upande wa Mithi. Naitwa Jamna."

"Mimi jina langu sikuambii. Nilitoka kwetu na Nyayo za Ngamia. Zile za kwenda kushoto, ukingo mweusi."

Jamna akaweka sinia mezani. Akamtazama Sabhai, kuanzia mtandio mpaka miguu.

"Za kushoto?" alisema. "Basi wewe ni wa kwa mchimba visima, kule Umerkot. Mama yako si Hakiman, yule aliyefariki mwaka wa mafuriko? Mama yangu alishona naye kwenye arusi ya binti wa mwenye ngamia. Ngoja. Hakiman alikuwa na mabinti wawili, mmoja alikufa mdogo. Wewe ndiye uliyekwenda mjini kwa fundi wa feni." Akashika kidevu. "Watu walisema hatadumu na wewe, maana hukujua kupika."

"Amedumu," Sabhai alisema. "Yuko chini getini ananingoja."

Bwana Iftikhar alikuwa ameshikilia kikombe bila kunywa. "Ninyi mnafahamiana?" aliuliza.

"Tufahamianie wapi, Saeen?" Jamna alisema. "Leo ndiyo kwanza namwona. Chai hiyo itapoa."

Jamna akatoka. Kisha Bwana Iftikhar aliweka kikombe chini, akainua simu, akaagiza nakala zote mia tatu zirudishwe ofisini zikatwekatwe, na redio iambiwe mkutano umesogezwa mbele mwezi mmoja. Alipokata simu alisema, "Wataalamu watano, mama. Na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwuliza anayetuletea chai."

Mehnaz alikuwa analia. "Ni kosa langu, Adi."

"Uliniuliza, nikakuambia yatumie," Sabhai alisema. "Kosa ni letu wawili, tuligawane, lisimlemee mmoja. Sasa futa machozi ulete kalamu nyekundu."

Siku sita mfululizo Mehnaz alikuja Hyderabad, wakakisoma kitabu kibarazani toka ukurasa wa kwanza. Mehnaz anasoma, Sabhai anasikiliza macho yamefumbwa. "Simama hapo. Umesema nyati wa kukamwa mwenye pembe moja. Kijiji kizima kinamjua nyati huyo. Mfute." Akaendelea. "Simama. Umesema bomba lililo mbele ya kaburi la walii. Bomba la namna hiyo ni moja. Sema bomba." Yaliyofutwa yalifika thelathini na nane. Amma Hurmat naye akitupia lake kutoka kitandani: "Huyo wa mapacha mtoe mapacha, sema watoto."

Yakabaki majina. Mehnaz alishauri namba: mwanamke wa kwanza, mwanamke wa pili.

"Hao si wafungwa," Sabhai alisema.

"Basi tuwaiteje?"

Sabhai alitazama kikapu chake cha viraka. Kilikuwa na vipande vya nguo za kila namna. "Waite vitambaa vya dukani," alisema. "Melimeli, Bafta, Satini, Hariri. Kitambaa cha dukani kila mtu anakinunua, hakina kwao." Akafikiri kidogo. "Visima Saba awe Melimeli. Ni laini, lakini haichaniki ovyo."

Bwana Iftikhar alituma ujumbe kuuliza kama jina la Sabhai liwekwe juu ya jalada pamoja na la Mehnaz, kwa kuwa kazi ile ni yake pia. Piyaro aliposikia alisimama, akakaa, akasimama tena. Lakini Sabhai alikataa. "Jina langu likiwa juu ya kitabu," alisema, "watu wataanza kuhesabu nani huja kwangu, nani hunipigia simu. Mungu analiona. Na wewe unalijua, baba Imdad. Inanitosha." Piyaro alisema naye inamtosha, ila jioni ile alikwenda kwenye duka la chai akawanunulia wote, na walipomwuliza sababu akasema feni yake moja imekubali kuzunguka.

Tangu hapo kitengo cha Bwana Iftikhar hakipeleki kitabu kwa mpiga chapa kabla hakijasomwa kwa sauti mbele ya wanawake wawili wa vijijini. Jambo hilo wanaliita usomaji wa kibarazani, na wanafunzi wanafundishwa darasani. Hawajui kibaraza ni cha nani. Jamna sasa ni mmoja wa wanaosomewa, na analipwa kwa kazi hiyo, si kwa chai.

Siku ya mkutano ikafika. Ukumbi ulijaa. Ukutani zilitundikwa ralli nyingi za kuuzwa, na kwa ajili ya ralli hizo wanawake wa vijijini waliruhusiwa kuja. Sabhai alikaa safu ya nne, mtu wa kawaida miongoni mwa watu wa kawaida. Mbele yake, safu ya tatu, alikaa Waziran, na pembeni mwake shangazi yake, mwanamke mnene mwenye pete ya puani. Sabhai alimtambua. Ralli za Visima Saba zilishonwa na shangazi huyu kwa mikono yake. Katika mkoa mzima, kama kuna mtu mmoja wa kumtambua Waziran, ni yeye.

Mtangazaji akaanza kusoma. Alisoma vizuri, taratibu. Melimeli, alisoma, alikuwa mjane. Melimeli alifungiwa ghalani. Melimeli hakujua kuandika, akazifunga siku zake mafundo kwenye uzi, na siku ya shauri akauweka uzi ule mbele ya hakimu na kusema, hizi hapa.

Sabhai hakumtazama mtangazaji. Alilitazama bega la Waziran, lililokakamaa chini ya mtandio, na upande wa uso wa shangazi. Alikuwa akimwomba Mungu bila kufungua mdomo.

Shangazi alitoa kitambaa akafuta macho.

"Maskini," alimnong'oneza Waziran, mnong'ono wa kusikika safu tatu. "Huyu atakuwa wa huko Larkana. Kwetu ningeshamsikia."

"Labda," Waziran alisema.

"Msichana ana kichwa. Mafundo." Shangazi alipenga pua. "Unajua angekuwa wangu ningefanya nini?"

Sabhai akasogea mbele kitini kusikia.

"Watu wangesema afichwe. Mimi ningekwenda kiwandani kwa miguu yangu, kiatu mkononi, nikampiga nacho yule bwana mbele ya wafanyakazi wake wote. Kisha ningemrudisha binti nyumbani nikamwambia, nyanyua kichwa, wewe hukufanya kitu. Na kaka zake wangepitia kwangu kwanza."

Ukumbi ulikuwa unapiga makofi. Waziran alingoja makofi yaishe. Lile bega lake likashuka polepole, kama mtu anayetua mtungi. Akaingiza mkono wake kwenye mkono wa shangazi.

"Shangazi," alisema, "tukifika nyumbani nina habari nataka kukupa."

"Habari gani? Nipe sasa."

"Tukifika nyumbani. Tukiwa wawili."

Shangazi alimgeukia, akamtazama kwa muda mrefu. Alikuwa karibu kuuliza, akaacha. Akaufunika mkono wa Waziran kwa mkono wake wa pili, mzito, wenye mabaka ya hina.

Sabhai alisikia kila neno. Hadithi ile ilikuwa imesomwa mbele ya mkoa mzima, na bado ilikuwa ya Waziran mwenyewe, ya kumpa anayemtaka, siku anayoitaka. Akainuka taratibu ili asigonge viti vya watu, akatembea mpaka nyuma ya ukumbi alikosimama Piyaro na viatu vyake vya kazini.

"Imekwendaje?" Piyaro alimwuliza.

"Hakuna aliyemjua," Sabhai alisema, na uso wake wote uling'aa. "Hata mmoja."